Naomba ushauri: AC ya boti inazima yenyewe

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi friji na AC hapa Dodoma. Shemeji yangu yuko Dar, ana boti ya kubeba wageni. AC yake inapuliza baridi dakika kumi hivi, kisha inazima na kuonyesha hitilafu ya presha kubwa. Ananipigia mimi, mtu ambaye maji mengi niliyozoea kuyaona ni ya bwawa la Mtera!

Ninavyoelewa, hizi hazipozwi na feni kama zetu za ukutani; pampu inavuta maji ya bahari, yanapita kwenye kondensa (sehemu ambayo gesi ya kupozea inaachia joto lake) na kutokea ubavuni. Kwenye video aliyonitumia yanachuruzika kama mkojo wa mtoto, mara yanakatika. Chujio amelisafisha, lilijaa mwani na ganda la kaa. Hali ni ile ile.

Nahisi hewa imenasa kwenye pampu, au kuna ukoko ndani ya mabomba. Mliowahi kuosha kondensa ya namna hii, mnatumia asidi gani isiyokula shaba? Na hewa mnaitoaje? Gesi nimemwambia asiguse kwanza, ingawa fundi wa huko ameshamshawishi aongeze.