Fundi wa simu na kipasi chake cha kulehemu cha wati 30 ameniharibia mbio

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, na sitaificha.

Jumamosi iliyopita gari langu la rimoti lilizimika mzunguko wa tatu, likiwa nafasi ya pili. Nilipolifungua nikakuta waya mwekundu wa betri umechomoka mzima kwenye plagi, na nyuzi zake za shaba bado zinang'aa, maana yake risasi ya kulehemu haikuwahi kupenya ndani ya waya, bali ilikaa juu yake kama uji ulioganda kwenye mwiko. Kazi hiyo ya kuulehemu waya nilimlipa fundi bei aliyoitaja mwenyewe, naye nilipomrudia akaniambia kwamba naendesha kwa fujo.

Fujo gani? Waya mnene wa geji 12 hunyonya joto lote la kipasi cha wati 30 chenye ncha ya sindano, kilichotengenezwa kwa ajili ya vijisakiti vya simu. Risasi ya 63/37, yaani bati asilimia 63 na madini ya risasi 37, huyeyuka kwenye nyuzijoto 183, kwa hiyo hata kipasi hicho kitaiyeyusha, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu kinachotakiwa kupata moto ni waya na plagi, ili hivyo ndivyo viyeyushe risasi. Pasi ya wati 60 au zaidi, yenye ncha bapa kama patasi, humaliza kazi kwa sekunde chache. Kipasi kidogo hung'ang'aniwa mpaka ganda la waya linasinyaa, na kiungo bado hakijashika.

Wala msiniambie ni jambo dogo. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.005 tu, mota ikivuta ampea 60, hutoa wati 18 za joto pale pale kwenye plagi.

Nanyi wauzaji mna lenu. Niliomba flaksi ya umeme, ile dawa ya kusafisha chuma ili risasi ishike, nikauziwa mkebe wa ile ya tindikali ya mafundi bomba, ambayo husafisha shaba leo na kuendelea kuila kesho. Ya umeme ni ya rozini, utomvu wa msonobari. Mtu anayeuza vifaa hivyo kila siku hajui hilo?

Nimelazimika kujifunza mwenyewe, kwa kuharibu vipande vingi vya waya. Naibana plagi kwa kibanio cha nguo cha mbao, napaka risasi kwanza kwenye waya na kwenye plagi, kisha naviunganisha na kutulia kabisa mpaka igande. Nalehemu waya mmoja wa betri kwa wakati mmoja, wa pili ukiwa umezungushiwa tepu, kwa kuwa betri ya lipo (lithiamu polima) haina utani waya zake zikigusana. Kiungo cha kwanza nilichokiamini nilikivuta kwa koleo, hakikutoka.

Fundi, najua unasoma humu. Plagi yako nimeihifadhi kwenye bahasha. Njoo uitazame, na uje na hela yangu.