Brutus anaangushwa na nini hasa?

Mwalimu wa Gulu: Ndugu zangu, katika tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, Brutus, mmoja wa wanaomuua Caesar mtawala wa Roma, anaponzwa na Cassius, mwenzake katika njama hiyo, au na tabia yake mwenyewe?

Msomaji wa Kampala: Na uadilifu wake, Mwalimu. Katika tendo la 2 anakataa Antony, rafiki wa Caesar, auawe pia. Tendo la 3 anamruhusu Antony kuhutubia kwenye mazishi ya Caesar, tena baada ya Brutus mwenyewe! Hapo ndipo mchezo unapogeuka: Brutus anatoa hoja kwa nathari (lugha isiyo ya kishairi), Antony anaonyesha maiti na wasia wa Caesar. Tendo la 4 Brutus analazimisha jeshi liende Philippi, mahali pa vita vya mwisho. Mara zote tatu Cassius alimpinga.

Msomaji wa Mbarara: Msisahau barua za kughushi za Cassius, tendo la 2 onyesho la 1. Zinamnasa Brutus kwa sababu anajivunia ukoo wake. Wanafunzi wasiandike “usaliti” tu. Wataje uamuzi, onyesho na matokeo.