Mama anasema Killing Me Softly yangu "sio yenyewe", nimwekee ipi siku yake?

Mtoto_wa_81
Wakuu naombeni ushauri kabla sijaharibu. Mama anatimiza miaka 67 na mimi ndo nimepewa kazi ya nyimbo. Najua anaupenda Killing Me Softly kwa hiyo juzi nikamwekea ule wa Fugees, kundi la Lauryn Hill, kusikia biti tu akasema zima hiyo, sio yenyewe, wameiharibu. Yeye ya kwake ni ya Roberta Flack, 1973, alikuwa na miaka 15. Hii ya Lauryn Hill na wenzake imetoka 1996 na mimi nina 15 vilevile, nimeisikiliza kwenye kaseti mpaka mkanda ukaanza kukwaruza, na nilivyokuja kusikia ya Roberta nikahisi kuna kitu kimetolewa, biti iko wapi? Imeniuma jamani, ule wimbo ndo ujana wangu. Niweke ya kwake tu au nichanganye zote?

Kiitikio
Ya Roberta. Siku ni ya mama.

sikio_la_tatu
Mkuu hapo wote wawili hamna ya kwanza. Aliyeanza ni Lori Lieberman, 1972. Roberta aliusikia akiwa kwenye ndege, ukamkaa, akaenda kuupanga upya, kwa Lori unaanza na ubeti, yeye akautanguliza na kiitikio. Yani alichofanya Roberta kwa Lori ndo Lauryn kaja kukifanya kwa Roberta. Ila mambo ya ujana, hasa kuanzia miaka 10 hivi mpaka 30, yanakaa kichwani kuliko yanayokuja baadae, ndo maana mtu ukiupokea wimbo umri huo, wengine wote unaona wanauiga.

Bi_Santuri
Mi nabisha kidogo, sikio linahama. I Will Always Love You kwangu ilikuwa ya Whitney Houston, 1992, ile sauti inapanda unasisimka mwili mzima. Ya Dolly Parton ya 1974 niliona imepoa. Nimekuja kuacha kazi kwa bosi aliyenilea miaka 11, ndo nikajua Dolly aliuandika akimuaga Porter Wagoner, aliyekuwa anaimba nae kwenye kipindi chake cha tivii. Nikausikiliza tena, nikalia. Sasa hivi wa kwangu ni ule wa kimyakimya. Wewe kabla hujapanga chochote muulize mama aliusikiaje mara ya kwanza.

Mtoto_wa_81
Nimemuuliza jana usiku, tumekaa mpaka saa sita. Kumbe walikuwa yeye na dada yake wanauvizia redioni, Kiingereza chenyewe cha kuungaunga, wanaandika maneno nyuma ya daftari, wakikosa mstari wanasubiri upigwe tena siku nyingine waujaze, na Roberta anaimba taratibu hivyo wanamuwahi. Na ile biti ikigonga juu ya maneno wasingeambulia kitu. Naweka ya Roberta, nzima, bila kuchanganya. Kuna mistari miwili waliisikia vibaya, kaniimbia jana, bado anaiimba hivyohivyo.