Tumekubaliana bei kwenye simu, unafika na kirikuu unaanza upya. Huu ni ustaarabu gani??

Wakuu habari za jioni, nina hasira naomba mnivumilie.

Nimepata uhamisho kwenda Dodoma, na mnajua kusafirisha vyombo vyote kutoka Dar ni hela nyingi kuliko baadhi ya vitu vyenyewe, kwa hiyo tumetoa vitu uani hapa Tabata, tukapiga picha tukaweka na bei kwenye status na magrupu. Kila kitu nimeandika na ubovu wake. Friji nimesema kabisa mpira wa mlango umelegea na droo ya mboga imepasuka, ndo maana ni laki 3.

Jamaa akapiga, tukavutana weee mpaka laki 2 na 80. Mwenyewe kasema "bosi nishikie nakuja jioni". Nikamshikia, wengine waliouliza nikawajibu imeshachukuliwa, na kuna mmoja alikuwa anatoa 300 kamili bila maneno. Jioni anakuja na kirikuu na mtu anamuita fundi, friji haijachomekwa hata kwenye umeme fundi kashasema kompresa imechoka! Tukachomeka, likawaka vizuri, wakahamia kwenye mpira wa mlango, ule ule niliouandika kwenye tangazo. Mwisho anatoa laki 2 mfuko wa shati, "ndo niliyonayo kaka, nyingine nimelipa usafiri". Nikamwambia basi, nikaanza kurudisha friji ndani na dogo. Hapo ndo mkono ukaingia mfuko wa suruali ikatoka 80 imefungwa na rababendi. Yani hela kaigawa toka kwake, kaja amejipanga!!

Jamani mimi sikatai kuombwa kupunguza, nani hapa ananunua kitu used bila kuomba apunguziwe. Lia bei mpaka uchoke, taja bei ya chini unayotaka, mimi ntakataa au ntakubali. Lakini ukitaja wewe mwenyewe nikasema chukua, hapo tumeshamaliza. Nenda Karume pale, mwambie muuza mitumba "elfu 8", akisema "lete" halafu umgeuzie mgongo, maneno utakayoyasikia utayakumbuka mwezi mzima na hakuna atakayekutetea. Hata Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo inayatambua, sema nani atampeleka mtu mahakamani kwa friji.

Na hii tabia ya kuponda mali ya mtu ili ushushe bei imeandikwa tangu zamani, Mithali 20:14, mnunuzi anasema haifai haifai, akishaondoka anajisifu. Kama haifai acha!!

Halafu kuna huyu wa meza ya kioo. Kanililia kwamba ndo anaanza maisha, kapanga chumba, hana hata pa kuwekea sahani, nikampa kwa elfu 40. Usiku huo huo naiona kwenye grupu inauzwa 95, picha ni yangu mimi, uani kwangu, mpaka khanga za wife zinaonekana kwenye kamba. Udalali ni kazi halali, sema mimi dalali tuongee kidalali, kwa nini utumie shida za uongo wakati wenye shida ya kweli wapo na siku wakija hatutawaamini?

Wengine siwataji sana, wale wa kutuma muamala bila ya kutolea, wale wa kuweka mkoba juu ya sofa "hili langu" halafu wanapotea kutwa nzima wengine wanaogopa kuuliza.

Kaja mama mmoja anauza chakula hapo stendi, kaangalia masufuria yote kimya, akasema "mwanangu nina elfu 30 tu, kama haitoshi toa mawili nichukue yaliyobaki". Nilimpa yote na mifuniko. Sio kwamba alilia, ni kwamba alisema alichonacho na kilikuwa kweli.

Sasa wale mnaosema "biashara ndo ilivyo, mjanja anapata" njooni hapa mnieleze, ujanja uko wapi kumpotezea mtu wateja wengine kwa ahadi ambayo hukuwa na mpango nayo?

Kabati la nguo milango mitatu bado lipo, elfu 90, mlango wa kati bawaba moja imelegea. Maongezi yapo, kwenye simu. Ukifika kwangu njoo na hela tuliyokubaliana.