Mtoto wa miaka 4 ametoka wodini: anakojoa kitandani, anakataa dawa, anakimbia musawo (mhudumu wa afya)

Mlezi wa Busia

Habari za humu. Naomba msaada wa wanaojua malezi na uuguzi wa watoto wadogo. Mtoto wa kiume, miaka 4 na miezi 2, kilo 16, anasoma darasa la kati la nasari hapa Busia, upande wa Uganda. Alilazwa siku tatu kwa malaria kali, akapewa artesuneti ya mshipani, na leo asubuhi ameruhusiwa na Coartem, vidonge vya malaria vya kuyeyusha, ya siku tatu. Alikuwa ameacha kulowesha kitanda zaidi ya nusu mwaka, lakini wodini alilowesha usiku wote. Sasa anataka kubebwa mgongoni, anaongea kitoto, na akiona kikombe cha dawa anakaza meno. Mtu mwenye nguo nyeupe akipita njiani anajificha nyuma ya mlango. Bibi yake anasema amedekezwa, achapwe kidogo atanyooka.

Je, ni malaria iliyobaki mwilini au ni tabia? Dawa anywe vipi bila vita? Na nasari arudi lini?

Muuguzi wa Watoto

Asichapwe, tafadhali. Bibi mwelezeni kwa heshima: mtoto wa miaka mitatu hadi sita huamini kwamba mambo hutokea kwa sababu ya alichofanya au alichowaza. Huenda alikataa uji, kesho yake akaugua, akafungwa mrija mkononi na watu wazima wakamshika miguu. Kwa akili yake hiyo ni adhabu. Mkimchapa sasa, mmemthibitishia. Mwambieni kwa maneno mafupi, mara nyingi: "Hukuugua kwa sababu ya kosa. Mbu alikuuma, akaleta malaria. Dawa inaitoa." Na mtu yeyote nyumbani asimwambie tena "ukilia musawo atakudunga". Sentensi hiyo ndiyo inayofanya watoto wapigane na wauguzi hata pale wanapokuja kupimwa uzito tu.

Kurudia utoto baada ya kulazwa ni kawaida kwa umri huu, na hupungua ndani ya wiki chache. Lakini tofautisha kurudi nyuma na kupoteza uwezo. Aliyerudi nyuma anaongea kitoto kwa bibi, ila akiwa na wenzake uani anatoa sentensi nzima. Anataka kubebwa, ila akiona mpira anakimbia. Aliyepoteza uwezo hawezi hata akicheza. Kwa hiyo mtazame akicheza bila kumwambia unampima: wengi wa miaka 4 huruka kwa mguu mmoja, huchora msalaba ukiwaonyesha, hutunga sentensi ya maneno manne au zaidi. Kama alipata degedege au alipoteza fahamu, angalia pia kama anasikia ukimwita kutoka nyuma, na kama anaona kitu kidogo chini. Alichokuwa anaweza kabla ya kuugua na sasa hawezi kabisa, kiandike, umrudishe hospitali.

Kisha mwili. Kwa wiki 4 zijazo angalia mkojo wake kila siku kwenye kopo jeupe. Baada ya artesuneti ya mshipani, watoto wachache huvunjikiwa na chembe nyekundu za damu siku kadhaa baadaye, wakati kila mtu anadhani wamepona. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi au ya kola, macho ya manjano, viganja na midomo kupauka, kuchoka kwa kupanda ngazi mbili tu: hapo hakuna kusubiri kesho. Tazama na mkono uliokuwa na kanula, yaani ule mrija wa mshipani. Ukivimba, ukiwa moto, au mstari mwekundu ukipanda, aonwe siku hiyo hiyo.

Dawa sasa. Kwa kilo 15 hadi chini ya 25, Coartem ya watoto ni vidonge 2 kila mara, mara 6, jumla 12. Hesabu uliyopewa. Dozi ya kwanza saa mbili asubuhi, ya pili baada ya saa 8, yaani saa kumi jioni, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Wengi hukosea dozi ya pili, wakampa usiku au wakairuka. Weka vidonge kwenye kikombe kidogo, mililita 10 za maji safi kwa kila kidonge, zungusha mpaka viyeyuke, anywe. Kilichobaki ukutani mwa kikombe nacho ni dawa: suuza kwa mililita 10 nyingine, anywe pia. Papo hapo mpe maziwa au uji wenye karanga, kwa sababu dawa hii hufyonzwa vizuri pamoja na mafuta. Akinywa na maji matupu, nyingine hupita bure. Akitapika kabla ya saa moja kuisha, rudia dozi nzima, kisha urudi kituoni kuomba vidonge vya kufidia, usipunguze vya kesho. Akitapika kila dozi, arudi wodini.

Usiichanganye kwenye bakuli zima la uji. Akiacha nusu hujui amepata kiasi gani, na kesho atakataa uji pia. Usiite dawa peremende, maana siku moja atazitafuta mwenyewe kabatini. Usimbane pua wala usimlaze chali, atapaliwa. Akae wima mapajani kwako, bomba la dawa lisilo na sindano liwekwe kati ya shavu na fizi, mililita 1 au 2, ameze, ndipo nyingine. Usiulize "unataka dawa?" kwa sababu jibu la kweli ni hapana, na ukimlazimisha baada ya kumuuliza umemdanganya. Uliza "kikombe chekundu au cha buluu?" Hapo ana kitu cha kuamua, na kuamua ndiyo njaa kubwa ya umri huu.

Joto likipanda, parasetamoli ni miligramu 15 kwa kilo: kilo 16 ni 240, yaani mililita 10 za sharubati ya 120 kwa 5. Isizidi mara 4 kwa siku, na katikati zipite saa 6. Soma chupa, nguvu hutofautiana. Pima kwa bomba, vijiko vya jikoni havilingani.

Mama Tororo

Kuhusu kitanda, suluhisho ni rahisi: baada ya saa kumi na mbili jioni asiguse maji kabisa, na usiku umwamshe mara mbili. Ndani ya wiki kitakauka.

Muuguzi wa Watoto

Dada, hapo naomba tusimame kidogo. Mtoto aliyetoka kwenye malaria bado anahitaji maji, na koo kavu usiku kucha halimfundishi kibofu chochote. Kinachofaa ni kusogeza: sehemu kubwa anywe asubuhi na mchana, jioni akisikia kiu apewe kidogo, chai na soda ziachwe. Kumwamsha mara moja, wakati mkubwa anakwenda kulala, kunaokoa shuka. Lakini awe macho kweli, atembee mwenyewe. Ukimbeba amelala na kumkojolesha usingizini, unamzoeza kukojoa usingizini.

Tazameni pia choo. Shimo la latrini usiku ni giza na ni kubwa, na mtoto wa umri huu huogopa kwa dhati kutumbukia. Wengi hulowa si kwa sababu kibofu ni dhaifu. Huamka, wakaogopa, wakajizuia mpaka usingizi ukawashinda. Weka kopo lenye mfuniko kando ya kitanda na taa ndogo, tatizo hupungua. Chini ya shuka tandika nailoni, juu yake kitenge kikuukuu. Ukibadilisha usiku, usisahau kuchomeka tena chandarua chini ya godoro pande zote nne.

Kulowesha kitanda usiku hakuhesabiwi kuwa ugonjwa kabla ya miaka 5. Lakini apelekwe kupimwa mkojo kama analia akikojoa, analowa hata mchana, ana homa mpya, au anakunywa maji kupita kiasi huku anakonda. Na uliza lini alipata choo kikubwa. Choo kigumu hubana kibofu. Ni sababu inayosahaulika sana.

Mwalimu wa Nasari

Naongeza upande wa woga. Maneno hayatoshi kwa umri huu, mtoto huelewa kwa mikono. Mtafutieni mdoli, hata wa majani makavu ya mgomba, pamba, plasta, chupa tupu ya dawa, na bomba jipya lisilo na sindano. Kaeni chini naye dakika 15 au 20, yeye awe musawo. Mara nyingi atamdunga mdoli kwa nguvu, tena na tena, akimfokea "tulia! nyamaza!" Msishtuke na msimrekebishe. Anarudia alichoona, safari hii akiwa yeye mwenye bomba. Akitulia, uliza tu: "Mdoli anasikiaje?" Halafu mwachie plasta abandike. Plasta ina kazi kubwa: watoto wadogo wengi huamini tundu likiachwa wazi, damu yote itamwagika. Mpe nyingine abandike pale kanula ilipokuwa, hata kama pamepona.

Mlezi wa Busia

Nashukuru sana nyote. Amekunywa dozi ya jioni kwa kikombe chekundu, bila kushikwa. Lakini bomba si hatari? Akiokota lililotumika huko nje?

Mwalimu wa Nasari

Swali zuri, na jibu lake ni sehemu ya mchezo. Linunuliwe duka la dawa, sindano aitoe mtu mzima mtoto hajaliona, na likae kwenye kikapu chake cha mdoli, lisitoke uani. Mwambie mara moja na wazi: "Bomba la kikapu ni letu. La chini halishikwi, unaniita." Kwa umri huo mpe kanuni moja fupi, ukiongeza ya pili, ya kwanza inapotea.

Siku ya kurudi kupimwa, mwambieni asubuhi hiyo hiyo, si wiki moja kabla. Musitaje saa, semeni "baada ya uji". Kama kuna kuchomwa, semeni kutauma kidogo halafu kutaisha. Akidanganywa mara moja kwamba hakuumi, safari inayofuata hatawaamini kwa lolote.

Nasari arudi akimaliza vidonge vyote 12, amekaa siku nzima bila homa, anakula na anacheza. Siku mbili tatu za kwanza aishie saa sita. Mwalimu aambiwe kuhusu choo, amkumbushe kabla ya mapumziko kwa sauti ya chini, asiitwe mbele ya wenzake. Suruali ya akiba ikae kwenye mkoba.

Muuguzi wa Watoto

La mwisho, chakula. Kwa wiki mbili mwongezee mlo mmoja kwa siku juu ya ile ya kawaida. Matoke au posho (ugali) peke yake hushibisha bila kurudisha uzito: weka kijiko cha karanga zilizosagwa, mukene (dagaa) iliyopondwa kwenye maharagwe, yai likipatikana. Bakuli liwe lake, asile sahani moja na wakubwa, maana wanamshinda mbio.

Mkiona mkono umekuwa mwembamba, VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, ana utepe wa kupima mzingo wa mkono. Chini ya sentimita 12.5 aende kituo cha afya. Chini ya 11.5 aende siku hiyo hiyo. Vitamini A na dawa ya minyoo hutolewa Aprili na Oktoba, aulizie kama alipata. Ya minyoo isubiri apone kwanza.

Na mkojo kwenye kopo jeupe, usiache mpaka wiki 4 ziishe.