Kanuni za mwenendo kwenye mradi wa programu huria: tuanzie wapi?

Salma_Tanga: Habari zenu wakuu. Tuna programu huria ya kutunza hesabu za vikoba, yaani msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kutuma marekebisho. Juzi binti mmoja katuma marekebisho yake ya kwanza, mwenzetu akamjibu, "Takataka hii umeitoa wapi?" Hajaonekana tena. Inaniuma sana. Kanuni tutunge wenyewe au tuchukue zilizopo?

fundi_msimbo: Pole dada. Msitunge, chukueni Contributor Covenant, kanuni za mwenendo zilizo tayari alizoandika Coraline Ada Ehmke, ipo tangu 2014 na kuinakili ni ruksa. Linux wenyewe, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, waliichukua Septemba 2018, siku zilezile mwanzilishi wao Linus Torvalds alipoomba radhi kwa barua pepe zake kali na kujipumzisha kwa muda.

Mama Kodi: Nakubali, ila nimesimamia miradi ya aina hii: kanuni zisizo na mtu wa kupokea malalamiko hazimlindi mtu. Teueni wawili, akilalamikiwa mmoja, mwenzake ndiye ashughulikie. Andikeni na hatua zenyewe: onyo, kusimamishwa, kufungiwa kabisa. Na wekeni mfano wa jibu linalofaa, kama hivi: "Mstari wa 40 utagoma mwanachama akiwa hana hisa, jaribu kukagua sifuri kwanza." Hapo umekosoa kazi, mtu hujamgusa.

Salma_Tanga: Ahsanteni sana. Sasa, huyo mwenzetu ndiye mwanzilishi. Akigoma je?

Mama Kodi: Kanuni zinambana na yeye. Mwelezeni faragha kwanza, mkiwa wawili.