Nimealikwa na wakwe watarajiwa kwenye mgahawa wa Kithai usiopika nyama, naomba ushauri

Mgeni wa Kisasa: Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mtumishi wa umma hapa Dodoma, nina miaka 32, na Jumamosi hii nimealikwa chakula cha jioni na kaka wa mchumba wangu, ambaye atakuja na wazazi wake. Amechagua mgahawa wa Kithai ambao haupiki nyama, samaki, mayai wala chochote kitokanacho na mnyama. Tangu aliponitumia picha ya orodha ya vyakula silali vizuri. Naomba mnisaidie: niagize nini, na chakula hicho huliwaje mbele ya wakwe bila kujiaibisha?

Babu Mtama: Kijana, hapo hupimwi chakula, unapimwa subira. Mimi nilipokwenda kuposa Kondoa nilikalishwa kwenye kigoda kifupi, nikapewa ugali wa uwele na mlenda, na ule mlenda ukaniteleza kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko huku mzee akinitazama bila kusema neno. Binti nilipewa. Kula unachopewa, mengine yatafuata.

Dada wa Area C: Kabla ya kuagiza, hakikisha unajua ni nani atakayelipa. Wengi wameaibika hapo.

Mpishi Mstaafu: Nilifanya kazi hotelini Unguja pamoja na mpishi wa Kithai, kwa hiyo nitajibu ulichouliza. Sahani huwekwa katikati ya meza na kila mtu hujipakulia kidogo kidogo juu ya wali wake. Kijiko hushikwa mkono wa kulia na ndicho kiingiacho mdomoni. Uma hukisukumia chakula tu. Vijiti hutumika zaidi kwenye tambi. Ladha nyingi utazitambua, kwa kuwa kuna tui la nazi, mchaichai, ukwaju, ndimu na pilipili. Kwa kawaida Wathai hukoleza kwa nampla, yaani maji ya samaki waliochachushwa kwa chumvi, na kwa kapi, ambayo ni kamba waliosagwa. Mgahawa wa aina hiyo huweka sosi ya soya badala yake, na tofu badala ya nyama. Kwao jambo hilo si geni, kwani kila mwaka, kwa kawaida mwezi Oktoba, huwa na siku 9 za kula chakula kiitwacho "je", ambacho hakina nyama wala hata vitunguu, na wauzaji hutundika bendera za manjano zenye maandishi mekundu. Anza na tambi za pad thai au kachumbari ya papai bichi. Je, kuna kitu usichokula? Nauliza kwa sababu karanga zimo karibu kila mahali.

Mgeni wa Kisasa: Ahsante sana, Mpishi. Je, wali mtupu na mboga unaweza kuagizwa bila kuonekana kama dharau?

Mpishi Mstaafu: Hujanijibu kuhusu karanga.

Mgeni wa Kisasa: Sawa. Nina mzio wa karanga. Nikiwa darasa la tano nilikula kipande cha kashata, midomo ikavimba, koo likabana, nikapelekwa zahanati kwenye kibebeo cha baiskeli ya mwalimu. Mchumba wangu hajui, kwa sababu wazazi wake ni wakulima wa karanga huko Mpwapwa. Siku ya kwanza kufika kwao nilitengewa kuku aliyeungwa kwa karanga, nami kwa hofu nikasema kwamba mimi sili nyama. Ndiyo maana kaka yake ametafuta mgahawa huu. Msinihukumu. Nimepanga kula wali na mboga peke yake, na tiketi ya treni nimeshakata.

Nesi wa Zamu: Mpango wako una tundu. Kachumbari ya papai hutwangwa kinuni, na kinu kilichotwanga karanga za mteja aliyetangulia ndicho kitakachotwanga ya kwako. Kikaangio nacho ni vilevile, hata kwa hiyo mboga yako. Mzio uliobana koo mara moja unaweza kurudi kwa ukali zaidi, na vidonge vya mafua na mwasho havizuii hali hiyo. Tiba yake ni sindano ya adrenalini na kukimbizwa hospitali. Waambie wakwe kabla ya Jumamosi.

Mgeni wa Kisasa: Nikiwaambia sasa watajua kwamba nilidanganya kuhusu nyama. Miezi minane nimekula maharage kwao.

Mchunguzi: Wakuu, tunachezewa. Naishi Dodoma mwaka wa 9 na sijauona mgahawa huo. Isitoshe, nimepitia nyuzi zake za nyuma: mwezi Machi huyuhuyu asiyekula nyama aliuliza bei ya beberu mnadani Msalato. Hadithi hii imetungwa.

Dada wa Area C: Hata mimi nilishangaa. Mtu alelewe Dodoma, akwepe karanga hadi miaka 32?

Mgeni wa Kisasa: Sikusema kwamba mgahawa uko Dodoma, uko Dar es Salaam, anakoishi shemeji, ndiyo maana nikataja treni. Beberu nilimnunua na nikamla. Nimeshakiri kwamba niliwadanganya wakwe, si ninyi. Na karanga nazikwepa kwa kupika mwenyewe. Mpishi, nifundishe tu jinsi ya kumwambia mhudumu kwa Kithai, ili mezani wasielewe.

Mpishi Mstaafu: Husemwa "mai sai thua lisong", yaani usiweke karanga. Lakini ndugu yangu, mhudumu wa Dar es Salaam atakuwa Mzaramo au Mchaga. Ukimtamkia hivyo atakuomba urudie, kwa sauti.

Babu Mtama: Nimecheka hadi chai imemwagika. Huyu hajatunga, mtunzi angejiandikia uongo wenye akili zaidi.

Mgeni wa Kisasa: Basi kesho nitaupigia simu mgahawa kwa Kiswahili, niulize kama wana kikaangio cha peke yake.

Nesi wa Zamu: Vizuri. Na Mpwapwa utapiga lini?

Mgeni wa Kisasa: Mtandao wa Mpwapwa leo unasumbua.

Mchunguzi: Mimi niko Mpwapwa kikazi wiki hii. Mtandao uko sawa.